Ukimpa mgombea kura, umempa na mchungaji wake?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nakuandikia kutoka Tabata. Kwenye kata yetu kuna kijana anagombea udiwani, mchapakazi kweli, hata ule mtaro wa mtaani kwetu uliokuwa unafurika kila masika ni yeye aliyehangaika mpaka ukazibuliwa. Shida ni mchungaji wake. Wiki iliyopita imesambaa video mchungaji anawaambia kina mama wasipeleke watoto kliniki kuchanjwa, wawalete kwake awaombee. Shemeji yangu kaandika kwenye grupu la familia kwamba mgombea na mchungaji wake ni kitu kimoja, na kwamba hata Obama nusura akose urais kwa ajili ya mchungaji. Mimi nasema kila mtu abebe mzigo wake. Nani yuko sahihi?"

Marahaba, binti yangu. Kila mmoja wenu ameshika kipande, ila chako ni kikubwa kidogo. Mimi naamini mwanasiasa asihukumiwe kwa maoni ya kiongozi wake wa dini, isipokuwa kwa mambo mawili: kama yeye mwenyewe alimchukua huyo kiongozi akamtumia kuombea kura, au kama maoni yenyewe yanaangukia kwenye kazi anayoiomba. Kijana wenu amenaswa na hilo la pili, na nitafika huko. Nianze na Obama, maana shemeji yako ameileta habari hiyo nusunusu.

Mchungaji mwenyewe ni Jeremiah Wright, wa kanisa la Trinity United Church of Christ, Chicago. Obama alisali pale kwa takriban miaka 20. Wright ndiye aliyemfungisha ndoa na Michelle mwaka 1992 na kuwabatiza mabinti zao, na hata jina la kitabu kimoja cha Obama lilitoka kwenye mahubiri yake. Machi 2008, katikati ya mbio za kuwania urais, televisheni zikaanza kurusha vipande vya mahubiri yake ya zamani. Kilichorushwa zaidi kilikuwa cha mwaka 2003, Wright akisema kwamba badala ya kuimba Mungu aibariki Marekani, kwa yale iliyowatendea watu weusi iimbwe Mungu ailaani. Moto ukawaka.

Tarehe 18 Machi Obama alisimama Philadelphia akayakataa maneno, lakini mtu hakumkataa. Alisema hawezi kumkana Wright kama asivyoweza kumkana bibi yake mzungu aliyemlea, bibi ambaye naye alikuwa na maneno yake juu ya watu weusi yaliyomkera mjukuu. Nami nadhani hapo alisema jambo ambalo kila mwenye ukoo analielewa. Wright hakutulia. Tarehe 28 Aprili akaenda mbele ya waandishi wa habari Washington akayarudia mengi ya yale yale kwa mbwembwe, na kesho yake Obama akavunja naye uhusiano. Tarehe 31 Mei akatangaza kwamba amelihama kanisa. Novemba akashinda uchaguzi. Kwa hiyo "nusura akose urais" shemeji ametia chumvi.

Jambo ambalo watu wetu hawalitaji ni kwamba msimu ule ule mpinzani wake, John McCain, naye alikuwa na mchungaji wake wa kumtoa jasho. Huyu ni John Hagee wa San Antonio, Texas. McCain hakuwa muumini wa Hagee. Alimwendea akitaka amuunge mkono hadharani, akapata baraka hizo Februari 2008, kwa sababu Hagee alikuwa na wafuasi wengi waliokuwa wanasitasita kumpigia kura. Mei yakaibuka mahubiri ya zamani ambamo Hagee alieleza kwamba Hitler alikuwa chombo cha Mungu cha kuwasukuma Wayahudi warudi Palestina. Tarehe 22 Mei McCain akaikataa ile baraka aliyoitafuta.

Wachambuzi wengi waliliona la Obama kuwa zito zaidi, kwa sababu ya ile miaka 20. Mimi naliona kinyume. Obama alimkuta Wright akiwa kijana anayetafuta dini. McCain alimwendea Hagee akitafuta kura. Wa kwanza nitamuuliza alichojifunza huko. Wa pili nitamuuliza alichonunua, kwa bei gani, na kwa nini hakukagua mzigo kabla ya kulipa. Ukipenda boga, penda na ua lake. Aliyekwenda sokoni mwenyewe kulichagua boga asije akatuambia ua hakuliona.

Wamarekani wenyewe wamekuwa wakiyumba katika suala hili. Mwaka 1960 John Kennedy ilibidi aende Houston, Septemba, akawahakikishie wachungaji wa Kiprotestanti kwamba yeye Mkatoliki hatapokea maagizo kutoka Roma, na kwamba kanisa lake halimsemei katika mambo ya umma wala yeye halisemei kanisa. Mwaka 2004 John Kerry, Mkatoliki mwingine, akajikuta upande wa pili wa fimbo ile ile: Askofu Mkuu wa St. Louis alisema hatampa komunyo kwa sababu ya msimamo wake juu ya utoaji mimba. Mmoja alishukiwa kwamba atawatii maaskofu, mwingine akalaumiwa kwa kutowatii. Anayetaka kumhukumu mwanasiasa kwa kiongozi wake hakosi pa kumshikia.

Sasa turudi nyumbani. Kabla ya kumbebesha mtu maneno ya kiongozi wake, jiulize alimpataje. Mkatoliki anayeishi Mbezi ana parokia yake na jumuiya yake ndogo ndogo, na padri ni yule aliyeletwa na askofu. Miaka michache baadaye padri anahamishwa, anakuja mwingine mwenye mtazamo tofauti kabisa, na muumini yuko pale pale kwenye benchi lake. Mwislamu anaweza kuswali alfajiri msikiti wa mtaani, adhuhuri Kariakoo akiwa kwenye shughuli zake, alasiri Posta, maimamu watatu kwa siku moja, na hakuna hata mmoja aliyempigia kura. Lakini yupo mtu anayetoka Gongo la Mboto, anapanda daladala mbili kumfuata mchungaji mmoja mahususi Kimara, akipita makanisa 40 njiani. Huyo amechagua. Kiongozi uliyemkuta hana uzito sawa na kiongozi uliyemfuata, hata ukimfuata kwa nia njema. Kijana wenu yuko kundi lipi? Hukuniambia, na ingefaa ujue.

Historia ya siasa za mji huu inamsumbua sana anayefikiri kwamba ukimjua sheikh au padri umemjua mwanasiasa. Mfano wangu mkubwa ni Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa karibu kila siku. Mtu aliyemtazama mwaka 1961 angesema huyu atakuwa mikononi mwa mapadri. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na shule zilizojengwa na wamisionari, za Kanisa Katoliki zikiwa nyingi, zikachukuliwa na Serikali. Hakuna padri aliyekuwa amehubiri hivyo.

Lakini wapo wazee wa Kiislamu wa Kariakoo na Gerezani watakaokutajia mwaka 1968, Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki ilipopigwa marufuku hapa nchini na BAKWATA kuundwa, nao kwa macho yao mkono wa Kanisa walikuwa wanauona. Matendo ya mtu mmoja, waumini wa pande mbili, kila upande ukiwa na kumbukumbu yake ya uchungu. Na wazee hao hao watakusimulia habari za Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, mtu aliyekuwa bega kwa bega na Nyerere siku za mwanzo. Walimpa jina la utani Makarios, la yule askofu mkuu wa Cyprus aliyekuwa akipambana na Waingereza. Sheikh kuitwa kwa jina la askofu, ndiyo Dar es Salaam ya miaka ile! Mwaka 1958 aliuliza hadharani Waislamu watakuwa na nafasi gani katika serikali inayokuja, na chama kikamfukuza kwa kuchanganya dini na siasa. Mimi naona swali lake lilifukuzwa pamoja naye badala ya kujibiwa, na maswali yaliyofukuzwa yana tabia ya kurudi usiku.

Karibu zaidi na sisi, Januari 2021 maaskofu Wakatoliki waliandika kuwatahadharisha waumini juu ya korona, wakati Rais Magufuli, Mkatoliki mwenzao, alikuwa anasema mengine. Na Agosti 2023 Baraza la Maaskofu, TEC, lilitoa tamko la kupinga mkataba wa bandari na Dubai, likasomwa makanisani. Bunge lililokuwa limeuridhia mkataba huo Juni lilikuwa na Wakatoliki tele. Je, wabunge hao tuwahukumu kwa tamko la maaskofu wao? Na aliyeupinga bungeni au barabarani, tuseme ametumwa na maaskofu? Mwaka ule niliyasikia yote mawili, mara nyingine kutoka kwa mtu mmoja kwenye meza moja ya kahawa, kutegemea nani anazungumziwa.

Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote katika mjadala huu. Swali la kiongozi wa dini tunamuuliza mtu wa upande wa pili tu. Wa kwetu akisikika kasema ovyo, tunasema ni binadamu, kateleza. Wa kwao akisema ovyo, tunasema ndivyo walivyo. Mwaka 2010 CHADEMA walimsimamisha kugombea urais Dk. Willibrod Slaa, ambaye aliwahi kuwa padri na katibu mkuu wa TEC, na vijiwe vya upande mmoja vikasema chama ni cha Wakatoliki. Kabla ya hapo vijiwe vya upande wa pili vilikuwa vimeshasema CUF ni chama cha Waislamu. Katiba yetu inasema shughuli za jumuiya za dini ziko nje ya mamlaka ya nchi, na chama chenye lengo la kukuza maslahi ya dini hakisajiliwi. Dini hatujaulizwa kwenye sensa tangu ile ya mwaka 1967. Tumejenga ukuta mzuri huku Serikalini, ila vijiweni ukuta haujafika.

Basi ukitaka kujipima kama unatenda haki, chukua maneno yale yale ya kwenye video, yaweke kinywani mwa kiongozi wa dini yako, na mgombea awe mtoto wa shangazi yako. Kama hukumu inabadilika, kilichokuwa kinahukumiwa hakikuwa maneno.

Kuhusu video, nina neno. Jirani yangu aliwahi kunitumia sekunde kama 40 za khutba, sheikh akisema kwa ukali kwamba mwanamke hana chake katika shamba la marehemu mumewe. Ujumbe chini yake: "Huyu ndiye sheikh wa mbunge fulani." Nikaitafuta khutba nzima, zaidi ya nusu saa. Sentensi ile ilikuwamo kweli. Sheikh alikuwa anawaigiza wanaume wa ukoo mmoja waliomnyang'anya mjane shamba, na baada ya kuwaigiza aliwasomea aya ya Suratun Nisaa inayompa mwanamke fungu lake, akawauliza wana kitabu kingine? Aliyekata video alisimamisha kisu palipomfaa. Kwa hiyo, kabla hujasambaza, tafuta dakika tano za kabla na tano za baada. Kama mchungaji wa kijana wenu alisema alichosema na akakirudia Jumapili iliyofuata, sawa, tuendelee.

Nilisema kuna mwanasiasa anayemchukua kiongozi wa dini na kumtumia. Hebu nikuonyeshe anavyofanana. Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kwenye harambee ya kuezeka kanisa moja upande wa barabara ya Morogoro. Viti vya plastiki vya kukodi, spika zinakwaruza, bati zimepangwa mbele ya madhabahu ili kila mtu azione. Mgeni rasmi alikuwa mwanasiasa ambaye, kwa nijuavyo, hakuwahi kusali pale hata siku moja. Mshereheshaji akatangaza mifuko 100 ya saruji, na bahasha ambayo, alisema, kilichomo anakijua Bwana. Vigelegele. Mchungaji akashuka, akamwekea mgeni mkono kichwani, akasema kwa kipaza sauti kwamba Mungu amekwisha kuchagua na waumini kazi yao ni kuthibitisha tu. Mgeni alifumba macho. Nilikuwa safu ya tatu, nilimwona akifumbua jicho moja kuangalia kama kamera ya video iko upande wake.

Mwisho wa mwaka kanisa lile lilichapa kalenda, mchungaji na mgeni rasmi wameshikana mikono, miezi 12 chini yao. Ilitundikwa kwenye duka ninaponunua unga. Kisha mchungaji akaja kusema maneno mabaya juu ya watu wa dini nyingine, yakazagaa, na yule mwanasiasa alipoulizwa akajibu kwamba hamfahamu vizuri. Kalenda ilikuwa bado iko ukutani, imefika mwezi wa nane. Mtu wa namna hiyo mhukumu bila huruma. Maadili ya uchaguzi yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, lakini harambee haiitwi kampeni na maulidi hayaitwi kampeni, na mgeni rasmi kwenye maulidi ya Magomeni anaweza kufumba macho vilevile.

Pia kuna pale ambapo kiongozi wa dini ndiye mwanasiasa. Askofu Josephat Gwajima alichaguliwa kuwa mbunge wa Kawe mwaka 2020, na alipohubiri kupinga chanjo ya korona mwaka uliofuata, Bunge lilimpeleka kwenye kamati yake ya maadili na kumsimamisha mikutano miwili. Unaweza kukubaliana na adhabu ile au kuikataa, lakini hapo hapakuwa na ugumu wa kutenganisha watu, maana kinywa kilikuwa kimoja. Kwa kijana wenu vinywa ni viwili, ndiyo maana swali lako ni gumu zaidi.

Sasa huyo kijana. Kama mchungaji wake angekuwa amesema dunia inakwisha mwakani, au kwamba muziki wa singeli ni wa shetani, ningekwambia achana naye, mpigie kura kwa ajili ya mtaro. Diwani hashughuliki na mwisho wa dunia. Lakini kasema kuhusu chanjo za watoto, na diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Taarifa za zahanati zinapita mbele yake. Bajeti ya afya ya msingi inajadiliwa kwenye baraza la madiwani analotaka kuingia. Wahudumu wakitaka kupeleka huduma ya mkoba kwenye mtaa ambao kina mama wameacha kuleta watoto, yeye ndiye wa kusimama nao au kukaa kimya. Surua haiulizi mtoto anasali wapi. Mtoto wa jirani ambaye hajafikisha miezi 9, hata umri wa dozi ya kwanza haujafika, anaweza kuipata kutoka kwa mtoto wa miaka miwili aliyeombewa tu.

Kwa hiyo una haki ya kumuuliza, tena lazima umuulize. Usimuulize kama anamwamini mchungaji wake, hilo ni lake na Mungu wake, na katiba inamlinda. Usimtake alihame kanisa. Muulize hivi: ukiwa diwani, na mganga mfawidhi wa zahanati akakwambia watoto wa mtaa fulani hawaletwi kuchanjwa kwa sababu ya mahubiri ya kanisani kwako, utafanya nini? Akikwambia "mimi ni muumini tu, siwezi kumsemea mchungaji," hajakujibu, maana hukumuuliza la mchungaji. Akikwambia mchungaji amekatwa kwenye video, mwombe video nzima. Akisema atakwenda na mganga nyumba kwa nyumba, hata kwa waumini wenzake, basi shemeji yako ameshindwa, mpe kura yako kwa amani.

Ila usimwendee nyumbani kwake jioni, wala usimwandikie ujumbe wa simu. Huko atakujibu utakalo. Ngoja mkutano wa kampeni, wakitoa nafasi ya maswali nyoosha mkono, ulize mbele ya wale kina mama anaosali nao Jumapili. Hapo jibu lolote litamgharimu kura za upande mmoja, na wewe utakuwa umesimama pale pale unamwangalia anachagua.